Vikombe vya Kioo na Haki ya Warithi



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twawaandikia tukiwa tumerejea Mombasa kutoka bara, ambako tulikwenda kumtazama shangazi yetu aliyetoka edani. Marehemu mumewe, Allah amrehemu, aliishi Kitale zaidi ya nusu ya umri wake, na kazi yake ilikuwa ufundi wa nyaya za simu. Alimwachia shangazi wana watano: wa kiume wawili na wa kike watatu. Tulifikia kwanza Bungoma kwa binti yake wa kati, aliyeolewa huko, kisha tukaongozana naye hadi Kitale kwa njia ya Webuye na Kiminini. Tulidhani safari yetu ni ya kusoma dua, kunywa chai na kurudi. Tukakuta nyumba imenyamaza kwa sababu ya sanduku la mbao lililojaa vitu ambavyo wengi wetu tumepita chini yake maisha yetu yote bila ya kuvijua.

Sanduku lile lilikuwa na vikombe vya nguzo za simu. Tuseme vikombe, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana: kama kikombe kinene kilichofudikizwa, kina mfereji shingoni wa kufungia waya, na ndani kina tundu lenye hesi la kukazia kwenye chuma au kijiti cha nguzo. Katika vitabu vya sayansi huitwa vihami. Kazi yake ni kuuzuia umeme wa ile waya usiteremke kwenye nguzo ukapotelea ardhini. Mti mkavu hauna hatari kubwa, lakini mti ukilowa mvua hupitisha umeme, na khabari iliyotumwa kutoka mji mmoja ingefika mji wa pili imedhoofika au isifike kabisa. Kioo na kauri havipitishi umeme. Na umbo la kufudikiza lina hekima yake: mvua hulowesha mgongo wa kikombe, lakini upande wa ndani hubaki mkavu, na umeme haupati njia.

Wazee wetu wa pwani walikutana na jambo hili mapema kuliko watu wa bara. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, na Mombasa ikaunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, Imperial British East Africa Company ilitandaza waya wa juu ya nguzo kutoka Mombasa kwenda Malindi na Lamu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulikwenda sambamba nayo, hadi reli ilipofika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901. Tawi la Kitale lilifika mwaka 1926, na ile njia ipitayo Bungoma kuelekea Uganda ilifika Kampala mwaka 1931. Neno lenyewe simu lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Basi tunaposema leo tumepiga simu, na mkononi hatuna waya wowote, ulimi wetu ungali unazikumbuka zile nguzo.

Marehemu alivikusanya vikombe vyake kwa miaka mingi. Vilikuwa 34 kwa jumla: 27 vya kauri nyeupe na saba vya kioo cha kijani. Hesabu hiyo haikutushangaza, maana Waingereza walipenda kauri kuliko kioo katika nyaya zao, na viwanda vyao kama Bullers vilivifinyanga kwa wingi na kuvipeleka kila walikotawala. Kioo ni khabari ya Marekani zaidi. Huko kampuni ya Hemingray, iliyokuwa na kiwanda chake Muncie katika jimbo la Indiana, ilitengeneza vikombe vya kioo visivyo na idadi, na huko ndiko kulikoanzia shauku ya kuvikusanya. Tangu mwaka 1973 wapenzi wake wana chama chao cha taifa. Hukutana, hubadilishana, huuziana, na huvipanga madirishani ili mwanga wa jua upenye ndani yake, kama mabibi zetu walivyopanga sahani za kauri katika zidaka za nyumba za Lamu na Mombasa.

Sasa tuje kwenye lile lililoinyamazisha nyumba.

Shangazi alipokuwa edani, mwanawe mkubwa alilifungua sanduku, akatoa vikombe sita vya kioo, akamuuzia dalali mmoja wa Kitale kwa shilingi 200 kila kimoja. Akapata shilingi 1,200. Hakumwambia mama yake wala nduguze. Hakuficha kwa ubaya, twaamini hivyo, alipoulizwa alijibu, "Mama, nilidhani ni takataka za kazini. Nani angetaka vikombe visivyonyweka?"

Lakini yule dalali alikuwa amewaambia watoto waliokuwa uani siku ile kwamba atakayemletea kikombe kingine cha kioo atampa shilingi 150. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo mjukuu wa miaka 11, mwana wa yule binti wa Bungoma, aliyekuja Kitale kwa likizo. Mtoto alirudi kwao na maneno yale kichwani. Siku ya tatu alifika nyumbani goti limechubuka, na mkononi ana kikombe cha kijani chenye chuma chake na kipande cha waya kimening'inia.

Mama yake alikileta kikombe hicho Kitale pamoja nasi, na mtoto akafuatana nasi. Shangazi alikipokea, akakigeuza, akamwita.

"Umekitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Juu ya nguzo, bibi. Karibu na reli."

"Nani aliyekuruhusu kupanda?"

"Hakuna, bibi. Yule ami alisema atanunua."

Shangazi hakumkemea. Alimvuta akamkalisha karibu naye, na tukaona mikono yake inatetemeka. Mke wa fundi wa nyaya alijua zaidi yetu sote kilichoweza kutokea pale. Nguzo ya zamani huoza mguuni ilhali juu yaonekana nzima. Tena waya wa simu uliokufa na waya wa stima ulio hai huweza kupita karibu karibu, au hata kuangukiana, na jicho la mtu, sembuse la mtoto, haliwezi kuutambua huu na ule. Shilingi 150 zilikuwa karibu kutuitia msiba wa pili katika nyumba moja.

Baada ya swala ya Isha tulikaa sote. Shangazi alitutaka tuseme, na hatukuwa na budi kusema. Tuliona mambo matatu yamechanganyika, na yafaa kila moja litazamwe peke yake.

La kwanza ni kikombe cha mtoto. Wako watu husema kwamba nyaya zile zimekufa, maofisi yamebadilika majina, na kitu kilichoachwa ni cha aliyekiokota. Maneno haya hayasimami. Shirika la posta na simu la Kenya liligawanywa mwaka 1999, lakini kugawanywa si kufutika. Mali ilikwenda kwa waliorithi kazi zake, na ya reli ni ya reli. Sheria ya dini yetu kuhusu kilichookotwa yahusu kitu kilichomwanguka mwenyewe, nacho hutangazwa mwaka mzima. Kilichofungwa kwa hesi juu ya nguzo hakijaanguka wala hakijapotea. Kiko pale alipokiweka mwenyewe, na kukitoa bila ya idhini ni kuchukua mali ya mtu. Isitoshe, chuma na waya vinavyotoka navyo vina sheria yake hapa nchini, Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, ambayo humtaka mfanyabiashara awe na leseni. Na wengi wetu twakumbuka Januari 2022, minara ya stima ilipoanguka na nchi ikakaa gizani, kisha serikali ikaisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima.

Basi asubuhi yake yule binti alirudi na mwanawe Bungoma wakakipeleka kikombe kwa afisa wa reli. Twaelezwa kwamba afisa yule alikitazama kwa muda, hakujua akiandike katika daftari gani, mwishowe akaandika kwenye karatasi kwamba kimepokewa, akaweka sahihi. Mtoto ameihifadhi karatasi ile katika msahafu wake.

La pili ni sanduku lenyewe. Je, lilikuwa la marehemu kwa haki? Shangazi ndiye aliyeuliza, naye aliuliza huku akiogopa jibu. Tulimtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi na marehemu. Alitueleza kwamba nguzo za zamani zilipobadilishwa, vikombe vilivyotolewa vilitupwa shimoni kando ya njia na kufukiwa, na msimamizi wao aliwaruhusu watakao kuchukua wachukue. Wengine walifanya vizito vya nyavu, wengine walipanga bustanini kwao. Marehemu alivipenda vile vizima, akavisafisha na kuviweka. Wanazuoni hutofautisha kati ya kitu kilichompotea mwenyewe na kitu alichokitupa kwa hiari yake. Hiki cha pili aweza kukichukua mwengine. Shangazi aliposikia ushahidi ule alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Maadamu sanduku lilikuwa la marehemu, basi siku aliyofariki likawa la warithi wake wote, baada ya kulipwa deni na kutimizwa wasia. Hapa hesabu ni nyepesi, na twaiandika ili dada zetu waione. Mjane aliye na watoto hupata thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa moja. Wana wawili wamepata manne, mabinti watatu wamepata matatu. Basi katika kila mafungu manane, mama ana moja, kila binti ana moja, na kila mwana ana mawili. Mwana mkubwa alikuwa mwenye haki, lakini haki yake ilikuwa robo. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata pwani, mtu hauzi fungu la mwenziwe bila ya idhini, na akiuza, mauzo hayo hayapiti.

Mwana yule, Allah ambariki, hakubishana. Alikwenda kwa dalali, akamweleza, akarudishiwa vikombe vinne kwa shilingi 800. Viwili vilikuwa vimekwisha ondoka. Zilibaki shilingi 400 za vile viwili. Katika hizo, zake ni 100, za nduguye 100, na mama na kila dada shilingi 50. Aliziweka mezani. Dada zake wakasema kwa pamoja, "Tumekusamehe, kaka, ondoa hizo." Shangazi akakataa. "Mpokee kwanza," alisema, "kisha anayetaka kusamehe asamehe. Mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hakukishika." Wakapokea, wakamrudishia wawili, wa tatu akanunulia sukari ya chai tuliyokunywa usiku ule. Huenda msomaji akacheka kwamba watu wazima waliketi kitako kwa ajili ya shilingi 50. Nasi twamuuliza: ni nyumba ngapi katika mitaa yetu ambazo ndugu hawasemezani kwa sababu ya kiwanja ambacho kiligawanywa na mmoja, kimya kimya, mama yao akiwa edani? Aliyezoea kuhesabu shilingi 50 kwa uadilifu ndiye atakayehesabu shamba kwa uadilifu. Pale ambapo ndugu hawakubaliani, mahakama ya kadhi ipo kwa mambo ya mirathi, na kuiendea si aibu.

Vikombe vilivyobaki vilikuwa 32, vinne kwa kila fungu. Kwa vile vya kioo ni vitano tu na havigawanyiki sawa, waliridhiana: binti mdogo, aliyekuwa akimsaidia baba yake kuvipangusa tangu utotoni, alichukua vya kioo, akawaachia wenziwe ziada ya vya kauri.

La tatu ni biashara. Yule binti mdogo alituuliza faragha kama yafaa aviuze, na kama vina thamani. Jibu letu ni kwamba biashara hii ni halali kama nyengine, na yataka ukweli kuliko nyengine, kwa sababu mnunuzi yuko mbali na hukitegemea kile uliomwandikia.

Ajue kwanza kwamba si kila cha zamani ni ghali. Vikombe vya kawaida, kwa kuwa vilitengenezwa kwa mamilioni, huuzwa hata Marekani kwa dola chache tu. Kinachopandisha bei ni uchache wa umbo, alama ya kiwanda, rangi isiyo ya kawaida na uzima wa kitu. Rangi ya kijani hutoka kwenye chuma kilichomo ndani ya mchanga. Buluu iliyokoza hutiwa kobalti. Na kioo cheupe kilichotiwa manganizi huweza kugeuka zambarau baada ya kukaa juani miaka mingi. Hapo ndipo hila zinapoingia, kwani wapo wanaovipitisha vikombe vya kawaida kwenye mionzi, au kuvipaka rangi, ili vionekane adimu.

Kila mmoja wetu alifundishwa chuoni kisa cha Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamlaumu muuzaji kwa kukificha kilicholowa. Kikombe kilichomeguka ukingoni kikapigwa picha upande wa pili ni rundo lile lile. Basi tulimpa mashauri haya. Avioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, asisugue kwa mchanga wala waya wa sufuria. Apige picha pande zote, na ufa auonyeshe kabla ya kuulizwa. Aandike kilichochorwa juu yake kama kilivyo, na asibuni umri. Aandike pia kilikotoka: fundi gani, njia gani ya simu, mji gani. Kwa mkusanyaji wa kweli maelezo hayo huongeza thamani, na kwa familia ni ukumbusho wa baba. Na akivinunua vyengine kwa nia ya kuuza, basi hiyo ni bidhaa ya biashara, na ikitimia nisabu na mwaka, ina zaka yake ya asilimia 2.5. Vya kuwekwa kabatini kwa kumbukumbu havina zaka.

Liko neno moja kwa wasomaji wetu wa pwani hasa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa ni mali ya kale kitu chochote cha kuhamishika, kisichokuwa kitabu wala waraka, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hakitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Kitale haikufikiwa na reli hadi 1926, lakini waya wa Malindi na Lamu ulitangulia mwaka ule. Aliye na kikombe cha zama hizo, au sahani, au kitu chengine cha bibi yake, aulize Makumbusho ya Taifa kabla ya kumkabidhi mgeni. Sheria hiyo hiyo huilinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946. Tumeshapoteza milango mingi kwa bei ya mbao.

Kabla ya kuondoka Kitale tulimpeleka shangazi kwenye makumbusho ya mji ule. Asili yake ni mkusanyo wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyeanza makumbusho yake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akayaachia taifa yale aliyoyakusanya. Nyumba mpya ilifunguliwa mwaka 1974. Shangazi alitembea polepole mbele ya makabati, kisha akasema kwamba miaka yote ile alimgombeza mumewe kwa kuijaza nyumba vyuma na vigae. "Kumbe wenzake walijengewa nyumba," akasema, akacheka, na macho yake yakalowa.

Vikombe vinne vya fungu lake ameviweka dirishani, vyote vya kauri. Binti mdogo amempa na kimoja cha kijani.

Enyi mama na dada zetu, fungueni masanduku mliyoachiwa mkiwa pamoja, na watoto wenu wawepo wakiona. Muulize kilikotoka kila kitu maadamu wapo wazee wa kujibu. Na mtu akiwaahidi watoto wenu fedha kwa kitu, mjue kitu hicho kiko wapi kabla hawajakwenda kukileta.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wabillahi tawfiq.